Muziki wa metal na hardcore: historia ya wale wanaosimama mbele ya jukwaa



Tarehe 29 Oktoba 2022, watu 11 walikufa mjini Kinshasa siku ya konseri ya Fally Ipupa kwenye uwanja wa Martyrs. Wawili kati yao walikuwa polisi. Uwanja ule ulijengwa kwa ajili ya watu elfu 80, na serikali yenyewe ilisema kwamba siku ile waliingia wengi kupita uwezo wake. Tangu wakati huo nimesikia maelezo ya kila namna: kwamba vijana wa leo hawana adabu, kwamba muziki wa dunia unaleta laana, kwamba watu wetu hawajui kukaa pamoja kwa utulivu.

Leo nataka niwapeleke mbali kidogo, kwa watu ambao kila mtu anawaita watovu wa adabu: wapenzi wa heavy metal na hardcore. Ni wale wa nguo nyeusi, nywele ndefu ama kichwa kilichonyolewa, wanaotikisa shingo na kugongana mabega mbele ya jukwaa. Wamefanya hivyo kwa zaidi ya miaka 50. Wamezika wenzao. Na wamejifunza mambo ambayo mzazi yeyote anayemruhusu mtoto wake kwenda konseri angependa kuyajua.

Tuanze na mahali muziki huu ulipozaliwa. Ni Birmingham, mji wa viwanda nchini Uingereza, mtaa wa Aston, mwaka 1968. Vijana wanne wa familia za wafanyakazi waliunda kundi ambalo baadaye liliitwa Black Sabbath. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikuwa na miaka 17 alipokuwa akifanya kazi katika kiwanda cha kukata mabati. Siku yake ya mwisho kazini, mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kuume. Yeye hupiga gitaa kwa kushoto, kwa hiyo vidole vile ndivyo vya kubonyeza nyuzi. Hakuacha. Aliyeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akatafuta nyuzi nyepesi, na baadaye akazilegeza ili zisimuumize. Mlio ukawa mzito, wa chini. Albamu yao ya kwanza ilitoka tarehe 13 Februari 1970.

Msomaji wa Likasi ama wa Kolwezi ambaye baba yake alifanya kazi kiwandani hatashangaa kwamba mji wa vyuma ulizaa muziki wenye mlio wa vyuma. Mimi naamini hiyo ndiyo sababu umati wa kwanza uliupokea upesi. Waliojaa kwenye sale zile ndogo walikuwa watoto wa wafanyakazi, na makelele yale waliyajua tangu nyumbani.

Kuhusu ile alama ya vidole viwili vilivyosimama kama pembe, ambayo wahubiri wetu wanaionyesha kama ushahidi wa Shetani, historia yake inachekesha. Aliyeieneza ni Ronnie James Dio, mwimbaji aliyeingia Black Sabbath mwaka 1979. Alieleza mara nyingi kwamba aliichukua kwa bibi yake mwenye asili ya Italia. Yule mama mzee alikuwa akiwaonyeshea watu vidole vile barabarani ili kuzuia jicho baya. Ni kinga ya bibi, kama vile bibi zetu nao wana zao. Leo maelfu ya watu wanaiinua pamoja na wengi wao hawajui habari za bibi huyo.

Sasa twende Marekani, kwa sababu hapo ndipo namna ya kusimama mbele ya jukwaa ilipobadilika kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mjini Washington, vijana wanne Weusi waliokuwa wakipiga jazz iliyochanganywa na muziki wa umeme waligeukia punk. Ni Paul Hudson anayejulikana kama H.R., ndugu yake Earl kwenye ngoma, Dr. Know kwenye gitaa na Darryl Jenifer kwenye besi. Walijiita Bad Brains. Walicheza kwa mwendo ambao hakuna aliyewahi kuusikia, kisha katikati ya konseri hiyo hiyo wakageuza na kupiga reggae, kwa maana waliingia katika imani ya Rastafari. Watu waliowaona mbashara wanasema albamu hazionyeshi hata nusu. H.R. aliruka sarakasi kwenye jukwaa. Vijana walipanda, wakajirusha juu ya wenzao, meza zikavunjika. Wenye sale wengi wakaacha kuwapa nafasi, hadi wakatunga wimbo unaoitwa Banned in D.C., yaani wamepigwa marufuku Washington, na wakahamia New York.

Nataja hili kwa makusudi. Watu wetu wengi wanadhani hardcore ni mambo ya Wazungu tu. Moja kati ya makundi yaliyoweka msingi wake, na ambalo wengi wanaliheshimu kuliko yote, ni la Weusi.

Kati ya vijana waliokuwa wakiwatazama Bad Brains kutoka chini alikuwepo Ian MacKaye. Konseri yake ya kwanza ya punk ilikuwa ya kundi la The Cramps, Februari 1979, katika Chuo Kikuu cha Georgetown. Ilipangwa kwa sababu ya redio ya wanafunzi iliyokuwa imefungwa, na masafa yake yakatolewa kwa chuo kingine kwa bei ya dola 1. Sisi tunaosikiliza redio za jamii hapa Kivu tunaelewa maana ya redio kuzimwa. MacKaye alikuwa na miaka 16. Muda mfupi baadaye yeye na wenzake walikuwa na kundi lao, The Teen Idles, kisha mwaka 1980 akaanzisha Minor Threat.

Shida yao ilikuwa mlango. Muziki ulikuwa wao, lakini sale zilikuwa baa, na baa zinaishi kwa kuuza pombe. Kijana asiyefikia umri wa kunywa alirudishwa. Mwaka 1980 Teen Idles walisafiri hadi California, na sale moja ya San Francisco iliwaruhusu waingie baada ya kuchorewa alama kubwa ya X nyeusi kwenye mikono, ili wahudumu wajue kwamba hawa hawauziwi pombe. Waliporudi Washington walipeleka wazo hilo kwa wenye sale wa kwao: tuchoreni X, mtuache tuingie, tukikutwa tunakunywa mtufukuze milele. Ikakubaliwa.

Jambo lililofuata hakuna aliyelipanga. Ile alama ya kuzuiliwa ikawa alama ya fahari. Minor Threat walitoa wimbo uliokataa pombe na madawa, na vijana wa miji mingi wakaanza kujichora X wenyewe, hata wale waliokuwa na umri wa kutosha kunywa. Wakaitwa straight edge, yaani watu wa njia iliyonyooka. Kwa hiyo katika muziki wenye makelele kuliko yote kulikuwa na vijana walioingia sale bila chupa, bila bangi, wakarudi nyumbani usiku wakiwa na akili zao zote. Hapa kwetu, ambapo pombe kali za vichupa vidogo zinauzwa kwa bei ya andazi na zinamaliza vijana mtaa kwa mtaa, sijui ni mwanamuziki gani angethubutu kuanzisha jambo kama hilo, hasa kama konseri yake inalipwa na kiwanda cha bia.

Haikuwa paradiso. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 konseri nyingi za hardcore zilikuwa zimetekwa na wapenda ngumi. Wengine walikuja kupigana tu, wengine walikuwa wafuasi wa ubaguzi wa rangi. Wasichana walisukumwa hadi ukutani nyuma, wakawa wa kushika makoti ya wapenzi wao. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Kathleen Hanna wa kundi la Bikini Kill alianza kuwaita wasichana waje mbele na wanaume warudi nyuma. Wanaume walikasirika. Yeye aliendelea.

MacKaye naye alijibu kwa njia yake. Mwaka 1987 alianzisha pamoja na wenzake kundi la Fugazi, na masharti yakajulikana: tiketi dola 5, kila umri unaingia, na anayeumiza wengine anatolewa. Walikuwa na desturi ambayo mimi naipenda sana. Mtu akizidi kugonga watu kwa hasira, kundi lilisimamisha wimbo. Taa zikawashwa. Mwimbaji akamwambia mbele ya wote kwamba tabia yake haikubaliki, akapewa bahasha yenye dola zake 5, akaonyeshwa mlango. Bahasha zilikuwa tayari, zimekunjwa kabla ya konseri! Walicheza hivyo zaidi ya mara 1000 hadi mwaka 2002. Sikumbuki kumwona mwanamuziki wetu mkubwa akisimamisha wimbo kwa sababu mtu chini anaumia. Nimewaona wakisimamisha ili kutaja jina la tajiri aliyetupa noti jukwaani.

Mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Bukavu anayeishi Ubelgiji, huenda karibu kila mwaka Dessel kwenye tamasha la Graspop, ambalo limekuwa la metal tangu 1996. Nilimwomba anieleze kwa mtu ambaye hajawahi kufika. Akasema: bafule zile husikii kwa masikio, unasikia kwa mbavu. Ukisahau kuziba masikio, utalala na mlio wa nzi kichwani siku mbili. Mwanzo wa wimbo watu wanaachana, katikati panabaki duara tupu. Ngoma zikiingia, duara linajaa watu wanaokimbia na kugongana. Yeye mwaka wake wa kwanza alianguka. Kabla hajaogopa, mikono minne ama mitano ilikwisha kumnyanyua, mmoja akamfuta matope usoni, akamuuliza kama ni mzima, kisha akamsukuma tena ndani. Kiatu chake kilipotea. Wimbo ulipokwisha alikiona: jitu moja lenye ndevu lilikuwa limekiinua juu sana ili mwenyewe akione.

Sheria hiyo haijaandikwa popote na kila mtu anaijua. Aliyeanguka anainuliwa. Aliyevunjika miwani, watu wanaweka uzio kwa miili yao hadi aipate. Mchezo wenyewe unaitwa mosh, neno ambalo inasemekana lilitokana na namna H.R. wa Bad Brains alivyotamka neno la Kijamaika kwenye mikro. Katika miaka ya 1980 lilitoka kwa watu wa hardcore likaingia kwa watu wa metal, wakati makundi hayo mawili, yaliyokuwa yakidharauliana kwanza kwa sababu ya nywele, yalipoanza kujaza sale zile zile.

Mwaka 2013, wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha katika jarida la fizikia kazi waliyoifanya kwa kutazama video za konseri za metal. Waliona kwamba watu walio ndani ya mosh wanatembea kama chembe za gesi: kila mmoja upande wake, wanagongana, wanaachana. Wazo hilo tulikumbuke, tutalihitaji baada ya kidogo.

Na Afrika pia iko. Botswana ina wapenzi wa metal wanaovaa ngozi nyeusi na kofia za wachunga ng'ombe. Nairobi imetoa kundi la Duma, ambalo mwaka 2020 lilitoa albamu kupitia kampuni ya Kampala inayoitwa Nyege Nyege Tapes. Jina hilo si yule mnyama wa mbio tunayemjua kwa Kiswahili, kwa Kikikuyu ni giza. Lakini habari inayonigusa zaidi ni ya jirani yetu Angola. Mji wa Huambo ulibomolewa na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha mwaka 2002. Pale mama mmoja, Sonia Ferreira, alikuwa akilea yatima katika nyumba inayoitwa Okutiuka, na mwenziwe Wilker Flores alikuwa mpiga gitaa wa metal. Mwaka 2011 waliandaa konseri ya rock iliyokusanya makundi kutoka sehemu mbalimbali za nchi. Filamu ilitengenezwa, Death Metal Angola. Unaona vijana waliokulia kwenye mabomu wakipiga kelele kwa hiari yao, na wenzao chini wakipokea. Mimi mtu wa Kivu sikuhitaji kutafsiriwa.

Tuje kwenye vifo.

Tarehe 20 Agosti 1988, Donington, katikati ya Uingereza, tamasha la Monsters of Rock. Iron Maiden ndio walikuwa wakubwa wa siku, lakini mchana walipanda Guns N' Roses, kundi ambalo lilipoalikwa halikuwa na jina kubwa, na kufikia siku ile lilikuwa linavuma kila mahali. Umati ulikuwa wa watu kama 107,000. Mvua ilikuwa imenyesha, chini ni matope, na uwanja unateremka kuelekea jukwaani. Walioko juu waliposogea, uzito wote ulishuka mbele. Kundi lilisimamisha muziki zaidi ya mara moja, wakaomba watu warudi nyuma. Vijana wawili, mmoja wa miaka 18 na mwingine wa miaka 20, walikutwa chini ya matope wamekufa.

Mwaka uliofuata tamasha halikufanyika. Liliporudi mwaka 1990, idadi iliwekewa kikomo cha watu 72,500. Na mwaka 1993 Uingereza ilitoa kitabu cha mwongozo kwa waandalizi wa konseri: watu wangapi kwa eneo gani, milango mingapi, uzio wa aina gani mbele ya jukwaa, nani ana amri ya kuzima muziki. Haukutosha kwa nchi nyingine. Mnamo Januari 1991 vijana watatu walikwisha kufa Salt Lake City kwenye konseri ya AC/DC. Tarehe 30 Juni 2000, huko Roskilde, Denmark, watu tisa walikufa wakati Pearl Jam wakiwa jukwaani. Baada ya Roskilde, matamasha makubwa ya Ulaya yalianza kugawa eneo la mbele kwa vyuma, ili msukumo wa nyuma usifike hadi mbele, na idadi ya wanaoingia kila sehemu ihesabiwe.

Hapa ndipo lile wazo la gesi linasaidia. Mchezo wa mosh unaotisha macho una nafasi: watu wanagongana kwa sababu wana mahali pa kukimbilia. Mauti inakuja pale ambapo hakuna anayeweza kusogea. Watu wakifika sita ama saba kwenye mita moja ya mraba, mtu hajiamulii tena. Umati unakuwa kama maji, wimbi linaanza nyuma na kufika mbele. Wengi hawafi kwa kukanyagwa kama magazeti yanavyoandika. Wanakufa kwa kukosa pumzi, mara nyingine wakiwa bado wamesimama, kwa sababu kifua kimebanwa hakiwezi kupanuka. Na aliyeko nyuma hajui lolote, yeye anasikia muziki tu na anaendelea kusogea. Ndiyo maana kulaumu tabia ya watu ni kupoteza wakati. Ukitaka kujua kwa nini watu walikufa, uliza tiketi ngapi ziliuzwa na milango mingapi ilifunguliwa.

Warumania waliuliza swali hilo hadi mwisho. Tarehe 30 Oktoba 2015, mjini Bucharest, kundi la metal la Goodbye to Gravity lilikuwa likizindua albamu yake katika klabu iitwayo Colectiv, ndani ya jengo lililokuwa zamani kiwanda cha viatu. Kuingia ilikuwa bure. Fataki za jukwaani ziliwasha sifongo iliyobandikwa kupunguza mwangwi, ile inayofanana na ya godoro, ambayo haikutiwa dawa ya kuzuia moto. Dari likashika. Mamia ya watu walikimbilia mlango mmoja. Waliofariki usiku ule na katika miezi iliyofuata walifika 64. Kati ya wanamuziki watano wa kundi, wanne walikufa; alibaki mwimbaji.

Klabu haikustahili kibali. Kila mtu akaelewa jinsi vibali vinavyopatikana. Siku nne baadaye maelfu ya watu waliingia barabarani wakiwa na maneno mawili tu kwenye mabango: rushwa inaua. Tarehe 4 Novemba waziri mkuu Victor Ponta alijiuzulu. Wapenzi wa metal, watu ambao wengi waliwadharau kwa nywele zao, walikuwa wameiangusha serikali kwa vifo vyao.

Na bado haikuisha. Majeruhi wengi walikufa hospitalini, si kwa moto bali kwa maambukizi. Mwaka 2016 waandishi wa gazeti la michezo, ndiyo, gazeti la mpira, wakiongozwa na Cătălin Tolontan, walifichua kwamba dawa za kuua vijidudu zilizouzwa kwa hospitali na kampuni ya Hexi Pharma zilikuwa zimechanganywa maji. Waziri wa afya naye akaondoka. Alexander Nanau alitengeneza filamu juu ya habari hiyo mwaka 2019, inaitwa Colectiv. Mwandishi wa habari yeyote wa hapa kwetu akiweza kuipata, aitazame.

Tarehe 5 Julai 2025 Black Sabbath walicheza mara ya mwisho, nyumbani, kwenye uwanja wa Villa Park hapo hapo Aston, Ozzy Osbourne akiwa ameketi kwenye kiti kwa sababu ya ugonjwa. Alifariki siku 17 baadaye. Umati uliojaa uwanja ulirudi nyumbani.

Kinshasa, tarehe 27 Julai 2024, kwenye uwanja ule ule wa Martyrs, watu walikufa tena katika msongamano. Safari hii ilikuwa konseri ya nyimbo za Injili, ya Mike Kalambay.